Mwalimu wa Seli za Nyota

Pale Kiseke, mtaani kwake Mwanza, majirani walimwita Daktari, na kwa sababu hiyo sidhani kama aliwahi kula chakula cha mchana cha Jumamosi kwa utulivu. Mmoja alipiga hodi na mguu uliovimba, mwingine na mtoto mwenye kikohozi, mwingine na karatasi ya vipimo aliyopewa hospitali akitaka kusomewa. Aliwakaribisha wote barazani, akawapa chai, kisha akawaambia yale yale aliyowaambia wiki iliyopita.

"Jamani, mimi ni daktari wa seli. Na hata hizo seli siziponyi. Naziuliza maswali tu."

Majirani walicheka, wakaendelea kumwonyesha miguu. Mwisho wake aliwapakia kwenye pikapu yake kuukuu akawapeleka zahanati mwenyewe, kwa mwendo ambao nadhani uliwaponya baadhi yao kabla hawajafika.

Sisi wanafunzi wake tulimwita Mwalimu. Alikuwa na shahada zote ambazo mtu anaweza kuwa nazo, na baadaye akapewa uprofesa, lakini ukimwita Profesa aligeuka kutazama nyuma kana kwamba kuna mtu mwingine ameingia. Mumewe, fundi wa injini za meli aliyekuwa amestaafu, naye alimwita Mwalimu, hata wakiwa mezani. Yeye alimwita mumewe Fundi. Sikuwahi kuwasikia wakiitana vinginevyo.

Nilimjua kwanza nikiwa mwanafunzi wa udaktari, nimetoka Nansio, kisiwani Ukerewe, na tranka langu la bati. Nilipomaliza masomo nikawa msaidizi wake wa maabara kwa miaka kadhaa, kabla sijarudi kisiwani kutibu watu. Kwa hiyo mengine ninayoyasimulia niliyaona kwa macho, na mengine alinisimulia mwenyewe tukisubiri seli zikue. Seli hazina haraka, na anayezisubiri hupata wasaa wa kusimuliwa mengi.

Alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, na alivaa sweta hata jua lilipokuwa linapasua mawe ya Mwanza. Alisema amesoma katika nchi ya baridi miaka mingi, na baridi ile ilimwingia ikakataa kutoka. Mfukoni mwa sweta alikuwa na kahawa ya kutafuna, zile punje kavu za kwao Kagera, zilizochemshwa na viungo. Ndani ya maabara alikataza mtu yeyote kutia kitu mdomoni. Hamu ya kahawa ilipomshika alitoka hadi nje ya kizingiti, akasimama pale anatafuna huku akitutazama tunavyofanya kazi, na akitoa maagizo kutoka huko huko.

Mihadhara yake ilikuwa kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya vyuo vyetu. Ila pale alipotaka jambo litukae, aliweka chaki chini akahamia Kiswahili. Siku ya kwanza ya somo lililokuwa maisha yake yote naikumbuka vizuri.

"Ubongo una seli za neva," alisema. "Hizo mnazijua, ndizo zinazopata sifa. Zinapelekeana habari. Moja ikitaka kuiamsha nyingine inamwaga kemikali, na kemikali inayofanya kazi hiyo kuliko zote ni glutamati. Sasa niambieni. Habari ikishafika, ile glutamati iliyomwagwa inakwenda wapi?"

Akaanza kugonga meza kwa kidole.

"Ikibaki pale pale, seli ya pili itaendelea kuamshwa. Chukulia mtu amegonga mlango wako. Umefungua, umemsalimia, umempa kiti, na bado anagonga. Utachoka. Akigonga kutwa nzima utaugua. Seli ya neva ikiamshwa kupita kiasi, inakufa."

Ndipo alipotuchorea seli nyingine ubaoni, yenye mikono mingi iliyotawanyika pande zote. Vitabu vinaiita astrosaiti. Yeye aliiita seli ya nyota, kwa umbo lake. Ngozi ya seli hiyo, alitueleza, ina milango midogo sana inayoivuta glutamati ndani. Ikishaingia hubadilishwa kuwa kitu kisichodhuru, kisha hurudishwa kwa seli za neva zikaitengeneze upya. Kazi hiyo hufanyika wakati wote, tukiwa macho na tukiwa tumelala.

"Seli za nyota hazipigi kelele," alisema. "Zinaokota."

Na yeye alichochunguza miaka yote ni vizuizi, yaani kemikali zinazoizuia milango ile isifanye kazi. Mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma akamuuliza kwa nini hatafuti dawa ya kuifungua milango zaidi, badala ya kuiziba.

"Swali zuri, na wapo wanaolitafutia jibu," akasema. "Ila mimi nitafunguaje nisichojua kinafungwaje? Ukitaka kujua mlango una kazi gani nyumbani, uzibe, halafu ukae uone."

Alikuwa na usemi mmoja uliotutia kichaa. Katika kila jaribio letu kulikuwa na visahani vya seli vilivyotiwa kizuizi, na kando yake visahani vya seli zile zile ambavyo havikutiwa chochote, ili mtu awe na cha kulinganishia. Ukimpelekea matokeo, hata kama yamependeza namna gani, aliuliza kwanza: "Kisahani kisichotiwa dawa kinasemaje?" Kama hukukitazama, alikurudisha bila maneno mengine.

Shida ni kwamba usemi huo hakuuacha maabara. Mwenye duka la karibu na kwake alipaka duka lake rangi ya bluu, na baada ya miezi miwili akamwambia Mwalimu kwamba rangi imeleta wateja.

"Na duka la jirani yako, ambalo halikupakwa rangi?"

Mwenye duka akafikiri. "Nalo limechangamka."

"Barabara imechongwa lini?"

"Mwezi juzi."

Mwalimu akalipia sukari yake akaondoka. Yule bwana alinisimulia mwenyewe, miaka baadaye, na alikuwa bado hajui kama amefundishwa au ametaniwa. Nilimwambia vyote viwili.

Watu walidhani mtu wa aina hiyo atakuwa mkavu wa moyo. Lakini kila Jumapili alikuwa kanisani na wenzake Walutheri, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya, na siku za sikukuu alilia kabisa wimbo ukimgusa. Nilimuuliza siku moja kama haoni mgongano, mtu anayedai ushahidi wa kila kitu kusimama kanisani akiimba mambo yasiyopimika.

"Kwaya haina kisahani cha kulinganishia," alinijibu. "Kwa hiyo huwa siipimi. Naimba."

Mengine yake pia hayakukaa sawasawa. Alituhubiria subira kama padri, na mwenyewe foleni ilimshinda. Benki aliingia, akaona watu, akatoka. Alizoea kuzitia seli sumu na kuhesabu zilizokufa, bila uso kubadilika, lakini kuchinja kuku hakuweza. Sikukuu ikifika, Fundi alimchinja kuku nyuma ya nyumba huku Mwalimu amefunga dirisha la jikoni na kufungulia redio. Nilipomwambia kwamba hilo halieleweki, alisema ndivyo lilivyo, na akaniomba nipunguze sauti ya redio kwa kuwa kuku ameshanyamaza.

Siku moja mama mmoja mchuuzi wa dagaa alifika chuoni, ametokea upande wa Igombe, ameambiwa na mtu sokoni kwamba chuoni kuna daktari wa ubongo. Alikuwa na binti yake wa kama miaka kumi, mwenye kifafa. Walinzi walitaka kumrudisha. Mwalimu alikuwa kizingitini anatafuna kahawa yake, akawaona, akawaita.

Yule mama alisalimia, akaeleza. Binti huanguka, hukakamaa, hutoka povu. Shuleni wenzake wanakimbia, hakuna anayetaka kumshika wala kula naye. Nyumbani wamekwenda kwa waganga mpaka mbuzi wameisha. Alikuwa anaongea huku amelishika bega la mtoto, kana kwamba atamtoroka.

Mwalimu alichuchumaa mbele ya binti. "Ukianguka, huwa unasikia nini kwanza?"

"Harufu," mtoto akasema. "Kama kitu kinaungua."

"Kinaungua kweli?"

"Hapana. Wengine hawasikii."

"Umetazama vizuri," Mwalimu akamwambia. Kisha akainuka, akamgeukia mama. "Mwanao hana pepo, mama. Kichwani mwetu seli zinaamshana, na huwa zinatulia. Kwake kuna wakati zinaamshana zote pamoja, hazitulii upesi. Ugonjwa huu hauambukizi. Anayemshika hapati kitu, wala anayekula naye."

Mama akauliza kama dawa iko humo ndani, na akaonyesha mlango wa maabara.

Nilikuwa nimesimama karibu, na nakiri nilingoja kusikia atakavyojitetea, kwa maana kazi yetu tulikuwa tunaieleza mbele ya wageni kuwa ni utafiti wa magonjwa kama huo. Mwalimu hakujitetea.

"Humu hamna," akasema. "Ninachofanya humu labda kitamsaidia mtu siku moja, mimi nimeshakufa. Kitakachomsaidia mwanao kipo kliniki, na kinatolewa leo. Twende."

Akavua koti la maabara, akawapakia kwenye pikapu. Mtu yule ambaye foleni ya benki ilimshinda, alikaa kwenye benchi la kliniki tangu asubuhi mpaka alasiri, kati ya mama na mtoto, mpaka wakaitwa. Baada ya hapo mama yule alikuwa akipita chuoni na dagaa wamefungwa kwenye gazeti, na binti akawa anakuja amevaa sare ya shule. Kuanguka hakukuisha kabisa, lakini kulipungua sana. Wanaokula naye shuleni, alituambia, sasa ni wengi kuliko chakula.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la zamani. Mwalimu aliporudi kutoka ng'ambo aliambiwa na watu wengi, kwa upole, kwamba kukuza seli za ubongo Mwanza ni ndoto. Seli hizo huchukuliwa kutoka kwa vichanga vya panya wa maabara, huwekwa kwenye visahani vyenye maji ya chakula chake, na hukaa kwenye kabati maalumu lenye joto kama la mwili kwa majuma. Joto likishuka zinakufa. Kuvu ikiingia, hata ya kubebwa kwenye mkono wa shati, zinakufa. Na umeme wetu tunaujua.

Mara ya kwanza zilikufa kwa umeme. Mara ya pili kuvu ilitanda kwenye visahani vyote kama ukungu wa asubuhi ziwani, na kazi ya miezi ikamwagwa. Niliona aibu kumtazama, ingawa kosa halikuwa la mtu. Mwalimu alisafisha kabati kwa mikono yake, kona kwa kona, akaimba moja ya nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini. Ile sauti ya pili peke yake, bila ya kwanza, ni kitu cha ajabu kusikiliza; wimbo huutambui.

Habari ya umeme ilishughulikiwa na Fundi. Alikuja na betri kubwa za boti na nyaya, akalala chali chini ya meza mchana kutwa, huku Mwalimu anampa koleo na kumuuliza kila waya una kazi gani. Wazee wale wawili walikuwa na furaha siku ile kuliko maharusi. Tangu hapo umeme ulipokatika, kabati letu liliendelea kunguruma taratibu jengo zima likiwa kimya.

Mara ya tatu seli zilikua. Niliweka kisahani chini ya hadubini nikaona zimetandaa, mikono imenyooshwa, zimegusana. Nilimwita. Alitazama muda mrefu, mpaka nikadhani ameona kasoro.

"Waitu," akasema kwa Kihaya chake, polepole, kama mtu anayesema jamani. "Zimefika."

Kisha akatoka nje akaita watu. Alimwita mkuu wa idara, akamwita mama wa usafi, akawaita walinzi wawili, akamwita dereva aliyekuwa amelala ndani ya gari. Kila mmoja alivishwa koti jeupe na kuinama kwenye hadubini, na kila mmoja Mwalimu alimweleza upya, hakufupisha hata kwa dereva aliyekuwa bado anapiga miayo. Mlinzi mmoja aliuliza kama seli zinajua ziko Mwanza. Mwalimu akasema hilo ni swali ambalo hajui jinsi ya kulipima, lakini kwa jinsi zilivyonenepa inaelekea zimepapenda.

Sasa nifike kwenye lile ambalo, nikiulizwa alikuwa mtu wa namna gani, ndilo ninalolisimulia.

Kule ng'ambo, akiwa bado kijana, alichunguza kizuizi kimoja kwa miaka mingi. Alikitia kwenye seli za nyota pamoja na glutamati, akapima, akaona glutamati imejaa nje ya seli. Akaeleza kwamba mlango umezibwa, kwa hiyo glutamati imeshindwa kuingia. Maelezo hayo yalichapishwa, yakasomwa, na watu wengine wakajenga kazi zao juu yake. Jina lake lilitokana na kizuizi kile.

Seli zetu zilipotulia, akaniambia nirudie jaribio hilo la zamani, ili mkono wangu uzoee. Nikaongeza kisahani kimoja ambacho hakikuwa kwenye kazi yake ya awali: nilikitia kizuizi, lakini sikukitia glutamati hata chembe. Nilifanya hivyo kwa kuwa nilishamjua. Nilitaka akiniuliza niwe na jibu. Dawa yetu ya kupimia hugeuka rangi ya waridi ikikutana na glutamati. Kisahani kile kilipaswa kubaki cheupe. Kikawa cha waridi.

Nilidhani nimechanganya visahani. Nikampelekea.

"Rudia," akasema.

Nikarudia, nikiandika alama kwenye kila kisahani. Waridi tena. Safari hii alikuja mwenyewe, akavuta kiti.

"Hatukutia glutamati," akasema. "Hii imetoka wapi?"

"Ndani ya seli," nikasema. "Hakuna pengine."

"Imetokaje, ikiwa mlango umezibwa?"

Mwalimu akatoka hadi kizingitini, akatafuna kahawa. Nilimwona anatikisa kichwa peke yake. Aliporudi alikuwa ameshaelewa.

"Hiki hakizibi mlango," akaniambia. "Hiki kinaingia. Kinafanana na glutamati, mlango unakipokea, na kila kimoja kinapoingia, glutamati iliyokuwa ndani inatolewa nje. Nilidhani ni mtu amekaa kizingitini. Kumbe ni mgeni anayeingia na kumtoa mwenyeji."

Tulichukua kizuizi cha pili, cha aina nyingine, tukakijaribu vile vile. Hicho kilikaa mlangoni tu. Kisahani chake kikabaki karibu cheupe kabisa. Hapo hapakubaki shaka. Vizuizi viwili ambavyo vitabu viliviweka fungu moja vilikuwa na tabia mbili, na kazi yake maarufu ilikuwa imesema nusu ya ukweli.

"Mimi ninayewasumbua watu kila siku," akasema. "Kisahani kisichotiwa dawa nilikiweka. Kisichotiwa glutamati sikukiweka."

Alicheka kidogo, akavua miwani.

Wakati ule faili lake la uprofesa lilikuwa mbele ya wakubwa. Mkuu wa idara, mtu mwema aliyempenda, alikuja maabara akafunga mlango. Nilikuwemo, naosha vyombo.

"Mwalimu, sikuambii ufiche," alisema. "Nasema subiri. Miezi michache tu. Ukitangaza leo kwamba kazi yako ya zamani ina kosa, wale mezani watasoma neno kosa, na hawatasoma zaidi."

"Na wale wanaoendelea kujenga juu yake? Nao wasubiri?"

"Wamesubiri miaka yote hii bila kujua."

"Ndiyo maana," Mwalimu akasema.

Wiki ile ile alituma marekebisho kwa jarida lililomchapisha zamani, na jina langu akaliweka pamoja na lake. Ikawa kama mkuu wa idara alivyosema. Uprofesa mwaka ule ulikwenda kwa mtu mwingine, kijana kuliko yeye, aliyekuwa mwanafunzi wake. Mwalimu alikwenda kwenye sherehe akala pilau. Jumapili akaimba. Mimi nilikasirika kwa niaba yake kiasi cha kukosa usingizi, na mwisho nikamwambia kwamba namwonea wivu, kwa kuwa jambo lile halikumuuma.

Aliweka chini alichokuwa ameshika. "Liliuma, binti. Usije ukawaambia watu halikuuma."

Uprofesa ulimjia baadaye, na kati ya yaliyotajwa kuwa sababu ni yale marekebisho. Hakulizungumzia sana. Alinunua sweta jipya.

Mimi nikarudi Ukerewe, nikaanza kazi hospitalini Nansio, nikaolewa, nikazaa. Tulipigiana simu. Akistaafu, alisema, atalima migomba nyuma ya nyumba na kuwasumbua wanafunzi wa wanafunzi wake. Kisha siku moja simu ikaja kwa namba yake, na aliyeongea ni Fundi. Mwalimu amepata kiharusi, akasema, amelazwa, anaongea, lakini maneno yamepungua. Kina mama wajawazito walikuwa wamejaa wodini kwangu na daktari mwenzangu alikuwa likizo. Nilipopata nafasi ya kupanda feri kwenda Mwanza, alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani miezi mingi kabla ya hapo.

Nilimkuta barazani, mchana, amevaa sweta. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani. Nikapiga goti nikamwamkia.

"Marahaba," akasema, wazi kabisa. Kisha akanitazama, akatabasamu, nikaona anatafuta. Nikafungua mdomo nimsaidie, na Fundi aliyekuwa nyuma yake akatikisa kichwa. Nikafunga mdomo. Jikoni sufuria ilikuwa inachemka. Jogoo wa jirani akawika, akawika tena.

"Binti wa Ukerewe," Mwalimu akasema.

Fundi akanieleza kwamba hiyo ndiyo sheria ya nyumba. Mwalimu amekataza mtu yeyote kumpa neno. Mazungumzo na majina ya watu yanakuja, ila majina ya vitu ndiyo yanayojificha, na yeye anataka ayatafute mwenyewe. Mtu akimwokotea, anakasirika.

Nilimuuliza kuhusu siku ile. Aliongea polepole, akipumzika, lakini alitaka kunieleza mimi hasa.

"Nilikuwa jikoni. Kikombe kikaanguka. Nikajua pale pale." Akagusa upande wa kushoto wa kichwa kwa mkono wa kushoto. "Damu haifiki huku. Bila damu hakuna nguvu, na milango ya seli zangu za nyota inasimama. Mingine inageuka, inatoa nje kilichokuwa ndani. Miaka yote nimeizuia kwa makusudi, nikatazama yanayofuata. Siku ile nilijua kila hatua. Na sikuweza kuinama kuokota kikombe."

"Uliogopa?"

"Sana. Nilimwita Fundi, likatoka neno lingine."

"Aliniita Kabati," Fundi akasema. Wote wawili wakacheka, na ilikuwa dhahiri wameshalichekea mara nyingi.

"Lakini kujua kumenifaa baadaye," Mwalimu akaendelea. "Pale palipokufa pamekufa. Pembeni yake zipo zilizo hai, zinajifunza kazi ambayo haikuwa yao. Kila ninapotafuta neno, nazifundisha. Kazi yangu ni ile ile. Darasa tu limekuwa dogo."

Nilimtazama nikitafuta huzuni iliyojificha, kama daktari anavyotazama. Sikuiona. Niliona mtu aliyechoka kidogo, ambaye ana kazi ya kufanya na ana muda wa kuifanya.

Fundi akatandika meza pale pale barazani. Kulikuwa na ndizi za kupika, mboga za majani, na mchuzi wa sato aliyemnunua asubuhi kwa wavuvi. Mwalimu alisali kwa maneno machache, akashika kijiko kwa mkono wa kushoto, akaonja mchuzi. Akakiweka kijiko.

"Nipe ile," akamwambia mumewe.

Fundi hakusogea. "Ipi?"

"Ile. Ya njano. Ya... unaikamua."

Nilikiona kipande chake kwenye kisahani, hatua moja tu kutoka mkononi mwangu. Nikaiweka mikono yangu chini ya meza. Fundi naye alikaa, macho kwake, hana wasiwasi. Mwalimu alifumba macho. Midomo ilianza neno moja ikaliacha, ikaanza jingine. Mvuke uliokuwa unatoka kwenye mchuzi ukapungua, ukaisha. Chakula kilipoa mbele yetu watatu, na hakuna aliyekigusa.

"Limao," Mwalimu akasema, akafumbua macho.

Fundi akampa. Mwalimu akalikamulia kwenye mchuzi, pande zote, mpaka likaisha maji, akatuambia tule.